Mgeni wa Bi Mgeni

Barua ya ufadhili ina mstari mmoja uliokolezwa wino:
posho inakoma tarehe thelathini Juni.
Niliibandika ukutani, usawa wa mto wa kulalia.
Bi Mgeni akaja akatundika juu yake kanzu ya marehemu mumewe.
"Karatasi haina haja ya kukutazama ukilala."

Jina lake ndilo hilo, Mgeni, na kazaliwa hapa hapa Piki,
hajalala nje ya Pemba ila usiku mmoja,
Mnazi Mmoja, kwa ajili ya jicho.
Mgeni hasa ni mie, Thokozani wa Karonga,
na siku ya tatu hakunipa jembe.
Alinipa ndoo,
akaninyooshea kidole kisima kilipo.

Asubuhi navaa mabuti ya mpira,
naingia bwawani na wavu wenye mpini,
nahesabu konokono.
Arubaini na mmoja penye magugu.
Sita penye jiwe la kufulia.
Miaka mitatu ya masomo
imo ndani ya gamba lisilozidi punje ya hindi.

Jumamosi si ya chuo, ni yangu.
Nakwenda skuli na vikopo na vidonge,
na ufito wa kupimia kimo:
alama hii kidonge kimoja na nusu, hii viwili.
Faki alisimama kwa ncha za vidole.
"Shusha visigino."
Akashusha. Kisha, kwa sauti ya chini,
akasema mkojo wake mwekundu,
na kaka yake kamwambia
ndiyo uanaume unaingia.

Sikucheka.
Kwetu ziwani nako husema hivyo hivyo.
Ndugu yangu Wongani alijisifu mwaka mzima,
alijisifu mpaka figo zikakataa.
Fomu ya ufadhili ilikuwa na kisanduku:
sababu za kuchagua fani, maneno mia moja.
Niliandika maendeleo.

Masika yakapita na viatu vyangu viwili.
Mei nikamwita Faki aje kwenye darubini.
Akafumba jicho moja, akatazama, akatazama.
"Sioni kitu, mwalimu."
"Basi hicho usichokiona
ndicho tulichokuwa tukikitafuta."
Akaondoka mbio kwenda kutangaza
kwamba ndani yake hamna kitu.

Wiki moja baadaye nilimkuta bwawani,
maji kifuani, ndoo ya mama yake kichwani.
Bomba lilikuwa na siku ya nne halikohoi.
Nasaha yote ya mabango na semina
ilinijaa mdomoni, nikaimeza.
Nikampokea ndoo.
Ilinimwagikia mpaka kwapani,
mie na cheti changu cha kinga na usafi.

Usiku ule niliongeza sentensi moja katika tasnifu:
dawa bila bomba ni kudeki chini ya paa linalovuja.
Msimamizi akaizungushia duara,
akaandika pembeni, kwa wino mwekundu: Chanzo?
Nikajibu: Kimekauka.
Hajanirudishia bado.

Sasa nafunga begi.
Vikopo vimebaki kumi na tatu, havijafunguliwa.
Bi Mgeni kavigeuza geuza.
"Hivi si vya mkojo hivi?"
"Vipya, Bi Mgeni."
"Vipya vya mkojo."
Lakini kachukua kimoja, kakichemsha mara mbili,
kakijaza achari ya embe mpaka mdomoni,
kafunga, kaomba kalamu.
"Bandarini wakikuuliza, sema sampuli."

Juu ya lebo kulikuwa na nafasi za kujaza.
Nambari: orodha yangu iliishia 212, akaandika 213.
Jina: Mgeni.
Kijiji: Piki.
Umri akaukisia, akafuta, akapunguza.
Matokeo:
hapo alinyanyua kalamu, akanitazama,
akaacha wazi.