Mgeni wa Nyuma ya Mashine

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe.
Huyu wetu hata mkia hatujauona.
Yuko nyuma ya mashine ya kufulia,
ghorofa ya nne, Aberdeen,
mvua inapiga dirisha kimshazari.

Ridhiwani alitaka kumvuta mguu.
Nikamwambia: thubutu!
Tumezima redio. Kapu la nguo chafu limefurika,
hatufui
mpaka mwenye mashine aamue.

Usiku, nikitoka zamu, siwashi taa.
Navua buti mlangoni,
nalala kifudifudi kwenye vigae vya baridi
na ndani ya nyumba yangu mwenyewe
nabisha hodi.
Namwekea kisahani cha samaki, na soksi yangu moja
aizoee harufu ya mtu.
Kisha namsomea bili ya gesi, polepole,
kama anayebembeleza mtoto.
Asikie sauti tu;
mambo ya deni atayajua akikua.

Macho mawili. Halafu giza.

Leo alfajiri kisahani kimelambwa kikang'aa,
soksi haipo.
Nimeinama, nimechungulia, nimecheka peke yangu,
na basi limeniacha
mguu mmoja mtupu ndani ya buti.