Nyuzi Themanini

Niva ya Bi Knarik ilikuja ikitetemeka kwa baridi.
Hita ilipuliza pumzi ya jokofu
toka Ashotsk hadi Gyumri, na jibini zake kule nyuma
ziligongana kama matofali.
Hrachik alishika bomba, akacheka:
"Themostati imekwama mdomo wazi.
Kazi ya saa moja. Nenda sokoni, mwana wa dada,
lete ile ya kiwandani, usiniletee nyingine."
Akanihesabia dramu elfu saba.

Dukani zilikuwapo mbili, zimelala bega kwa bega,
boksi moja, rangi moja, hata nembo moja,
ila kwenye moja herufi ya mwisho ilikuwa imelewa.
Elfu saba. Elfu mbili na mia tano.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Kwa chenji nilinunua sigara, na kahawa mbili,
moja yangu,
moja ya Lusik wa duka la mikate, ambaye hakuinywa.

Tukaifunga. Bi Knarik akaondoka na joto miguuni,
akitubariki mpaka kona.
Kabla ya adhuhuri alirudi akivutwa na trekta,
mvuke ukimtangulia, na matusi nyuma ya mvuke.

Hrachik hutafuta kama mtu achambuaye miiba ya samaki.
Kwanza mfuniko wa rejeta. Mzima.
Kisha mkanda, kisha feni, kisha pampu ya maji
aliyoifunga mwaka alioolewa binti yake:
akaitoa, akaizungusha kidoleni,
akaiomba radhi, akairudisha.
Siku ya pili alifungua silinda hedi.
Alilaza rula juu ya chuma, akachungulia
kama kuna mwanga unaopenya chini.
Haukupenya. Gasketi ilikuwa nzima,
ikachanika kwa sababu tumeibandua.
Kila kikuukuu kilisimamishwa kizimbani.
Kipya, hakuna aliyekiuliza jina.

Nami nilishika tochi.
Nilishika tochi vizuri sana.

Usiku nilimsikia akimwambia Satenik
huenda ni mikono; huenda miaka sitini na mitatu
imeanza kumdanganya vidoleni.
Satenik aliendelea kumenya vitunguu.

Asubuhi aliwasha tena, akaweka viganja.
Bomba la juu, moto wa kubabua.
Bomba la chini, baridi kama pua ya mbwa.
Akabaki hapo, mkono mmoja huku, mmoja kule,
kama mtu aliyepokea barua mbili zinazopingana
kutoka nyumba moja.
Akazima. Akaifungua ile mpya. Akaingia nayo jikoni.

Sufuria ya supu ya Satenik, kipimajoto cha jibini
alichotuazima Bi Knarik, na sisi wanne tumeyainamia maji.
Sitini. Sabini.
Nyuzi themanini, hapo ndipo iliyo njema hufumbua mdomo.
Themanini na tano. Imefumba.
Tisini. Ukungu kwenye miwani yake. Imefumba.
Maji yakatokota, ikaanza kucheza kule chini,
ikigonga sufuria, ngo, ngo, ngo,
imekaza meno, haitaki kusema.

"Mimi," nikasema.

Hakuna aliyeuliza mimi nini.
Hrachik aliikausha kwa kitambaa,
akaisogeza karibu na dirisha, akasoma ile herufi,
akasonya, si kwangu, kwa herufi.
Halafu akatoa pochi, akanihesabia tena
elfu saba, noti kwa noti,
taratibu kuliko mara ya kwanza.

Bei ya gasketi aliiandika kwa chaki ukutani,
chini yake: Mher.
Nilimaliza kuilipa kabla theluji haijayeyuka.
Ukuta tumeupaka rangi mara mbili tangu hapo,
na mara zote mbili
brashi yake ilizunguka pale, ikaendelea.