Mkaguzi wa Mizani

Shairi hili halina mizani;
mizani nilikuja kuikagua.
Nilivuka Busisi na sanduku la mbao magotini,
ndani yake mawe ya shaba, kila moja na kitanda chake cha kitambaa,
kuanzia ya kilo tano tano hadi lile la gramu moja
linaloshikwa kwa koleo,
jasho la kidole lisije likaongeza kitu.

Mwabagole unauona kabla hujafika:
upande wa ziwa mpunga, kijani hadi kwenye matete,
upande wa mlima vumbi la makarasha,
katikati barabara moja, lami mita mia tatu,
iliyowahiwa kabla ya uchaguzi.
Duka la pembejeo limeegemeana na duka la baruti.
Jembe, sururu, mbolea, tochi za kichwani:
muuzaji haulizi unakwenda kuchimba nini.

"Sisi hapa," aliniambia Lushinge wa nyumba ya wageni,
akinirudishia chenji yenye tope,
"mvua ikinyesha ni wakulima.
Ikigoma, tunashuka."
Akaonyesha sakafu yake,
kana kwamba ngazi inaanzia chini ya zulia.

Nilianza na chama cha msingi, msimu wa pamba.
Nikaitundikia ndoano yao kilo ishirini;
mshale ukapanda, ukasita, ukatulia kumi na nane.
Karani akasema ni kutu.
Kutu gani hii, nikamuuliza, inayojua upande wa kula?
Akacheka. Nikaifunga kwa lakiri.
Nje wakulima walikaa juu ya marobota yao,
na hakuna aliyepiga makofi.
Walikuwa wakipiga hesabu ya miaka.

Kwa Malongo, mnunuzi wa dhahabu,
mizani ililala kwenye kisanduku cha kioo kama yai.
Ng'washi alikuwa mbele yangu.
Siku tisa ameosha marudio,
mchanga ambao wanaume walikwisha kuuosha wakautupa,
na sasa anafungua fundo la khanga:
punje moja, chenga ya mchele ni kubwa kuliko yeye.
"Pointi sita," akasema Malongo.
Nikaomba nafasi. Nikaweka jiwe langu la gramu moja.
Likasoma pointi nane.
Feni ilikuwa imezimwa ili isiyumbishe kipimo;
tulisikiana tukipumua.
Hesabu aliifanya Ng'washi, haraka kuliko mimi:
"Basi yangu ni saba na nusu."
Akaniita mwanangu, japo tunalingana umri.

Zahanati sikutumwa.
Ni muuguzi Kokushubila aliyenishika mkono sokoni,
"Na yetu itazame, baba, kabla hujaondoka."
Ilining'inia kwenye boriti la kibaraza,
uso kama saa ya ukutani,
chini yake kaptula ya kitambaa ya kubebea watoto.
Nikavalisha kaptula ile jiwe la kilo tano.
Ikasoma tano na nusu.
"Tangu lini?"
"Nimeikuta hivyo. Nina miaka minne hapa."
Mizani ya kwanza Mwabagole kukosea kwa ukarimu.
Nikageuza skrubu, kidogo, kidogo tena.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Shija wa Ng'washi,
miezi kumi na moja, meno mawili, vumbi la mgodi kwenye kope.
Mwezi uliopita, kilo saba na nusu.
Leo saba.
Nukta ya kalamu ikatoka kwenye kijani ya kadi,
ikadondokea kwenye kijivu.

Nikamweleza. Hakupungua, alikuwa hivi hivi,
ni kipimo kilichokuwa kikimsifia.
Mkono wake ulipapasa paja la mtoto,
ukapanda mgongoni, ukarudi pajani,
ukitafuta nusu kilo.
"Kwa Malongo ulinirudishia," akasema.
"Hii ya hapa umeipeleka wapi?"

Nyuma yake walisimama akina mama kumi na wawili, kadi mkononi.
Wa mwisho kwenye foleni akamfunga mwanawe mgongoni,
akakaza khanga,
akaondoka.