Safu ya Mwisho

Daftari la kumi na nne limejaa.
Duka la Kuressaare haliuzi tena yale ya jalada gumu,
na mjukuu wangu Rasmus, ambaye hajawahi kuchonga penseli,
anasema: Bibi, sasa ni programu tu.

Haya. Zileteni hizo programu.

Ya kwanza ilikuja imepambwa kama bi harusi:
ramani inayozunguka, mchana na usiku vikifukuzana juu yake,
bendera za nchi nilizozipata,
na kila niliposhika kipaza sauti ikataka nywila.
Nikaishi nayo wiki mbili.
Ikanihesabia nchi mia moja na tisini na moja,
zilizobaki ikazipaka wekundu
kama daftari la mkopeshaji.
Mimi sidaiwi na Bhutani.

Ya pili aliniletea Tõnis kwenye flashi,
Tõnis wa ng'ambo ya ghuba, mwenye minara mitatu
na mke aliyezoea kula peke yake mwisho wa wiki.
"Hii ni ya mashindano," akasema. "Haina maneno mengi."
Kweli haikuwa nayo.
Skrini nyeusi, mstari mmoja, kishale kinachokonyeza.
Andika alama ya kituo, bonyeza, namba inasonga yenyewe,
na ukimwita tena uliyekwisha kumpata
inapiga kelele kama bata aliyekanyagwa.

Kwa hiyo Oktoba nikakesha nayo,
mvua ya barafu ikigonga waya niliofunga kwenye msonobari,
chai ikipoa, soksi mbili kila mguu.
Tano-tisa, ninasema. Tano-tisa, wananijibu.
Mtu simsikii, ananisikia nusunusu,
amenirudisha mara nne kwenye herufi moja,
naye bado ananiambia tano-tisa:
sauti yako ni safi, ina nguvu.
Huo ndio uongo wetu wa adabu,
ni "sijambo" ya mgonjwa aliyelazwa.
Asubuhi ya pili nilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili
na sikumjua hata mmoja.

Ya tatu niliitafuta mwenyewe.
Imeandikwa na mtu mmoja huko Košice;
ukimpelekea hitilafu anakujibu usiku wa manane,
akiomba radhi kwa Kiingereza kibovu kama changu.
Sura yake ni ya fomu ya kodi.
Lakini pembeni, baada ya saa, masafa na ripoti,
kuna kisanduku: Maelezo.
Nikakijaribu. Nikafungua daftari la sita, nikanakili:

*Machi 1989. Tasmania. Kwake joto.
Ng'ombe wake kazaa mapacha.
Mmoja kampa alama ya kituo changu,
maana jina langu hawezi kulitamka.*

Miaka ile tuliruhusiwa kusema hali ya hewa
na aina ya mtambo, basi.
Joto niliandika kwa wino.
Ng'ombe niliwaandika kwa penseli, kwa mkono mwepesi,
ili waweze kufutika mlango ukigongwa.
Hawakufutwa.
Kisanduku kikawapokea wote watatu, mama na ndama,
na bado kulikuwa na nafasi.

"Kwa hiyo umechagua ipi?" Rasmus anauliza,
mdomo umejaa mkate mweusi na siagi.
Namwambia ya Tõnis kwa siku mbili za mwaka,
ya Košice kwa siku nyingine.
Anasema hiyo si kuchagua.
Labda.

Amenihamishia mashindano yote kwa pigo moja.
Mistari mia nne na kumi na miwili ikaingia kwa mpangilio,
tano-tisa, tano-tisa, tano-tisa hadi chini,
na safu ya mwisho nyeupe kama shamba la Januari.

Alipokwenda kulala nikarudi kwenye kiti.
Nilikuwa na kimoja tu cha kukumbuka.
Azori, saa tisa za usiku.
*Alikuwa anakohoa sana,* nikaandika.
*Hakuna aliyemuuliza. Nilimpa tano-tisa.*