Kabla Maji Hayajakupwa

Wivenhoe, Jumamosi, saa nne kasorobo.
Nimetoka zamu ya usiku kule Colchester
na harufu ya sabuni ya kufulia ingali viganjani.
Bi Pudney amekwisha kutupanga ukutani kama vikombe,
sita sisi, kila mtu na ubao wake magotini,
chupa ya jemu yenye maji ya bomba,
na rangi zilizokaukia kijisandukuni
mfano wa peremende alizozilamba mtoto, kisha akazichoka.

"Rangi za maji," asema. Nami nacheka moyoni:
kwetu maneno hayo husema mawili,
rangi zinazokorogwa kwa maji,
na rangi yalizo nazo maji yenyewe,
ambazo shuleni tulikaririshwa kwamba hayanazo.

Mashua imefungwa hatua thelathini kutoka hapa.
Samawati iliyopauka, mkanda mwekundu kiunoni,
BOBBIE kwa herufi nyeupe karibu na omo.
Hakuna ajuaye Bobbie alikuwa nani.
Bwana Garrod aliinunua mashua na jina lake,
akaona kulifuta ni hasara ya kopo zima.

Chini yake, mashua ya pili, kichwa chini miguu juu,
na ajabu: jina halikupinduka.
B ni B, O ni O, na wenzao vivyo hivyo,
zote sita zimekatwa katikati kwa haki,
na mto unazisoma kama sisi.

Nachora ninachokijua. Kosa la kwanza.
"Usichore mashua," asema Bi Pudney,
mwenye doa la kijani kwenye kidole
ambalo nadhani amezeeka nalo,
"chora pale giza linapoishia."
Tena: kilicho cheusi juu, majini hupauka kidogo;
kilicho cheupe, majini huingia uchovu.
Tena: weupe haupakwi. Weupe ni karatasi uliyoiacha.

Kuiacha!
Mimi, ambaye usiku kucha nasaka madoa
kwenye shuka za hospitali,
la chai, la damu, la iodini,
na leo nalipa pauni kumi na mbili
kutia doa karatasi safi, nisifiwe.

Brashi ikateleza. Samawati ikavuka mkanda,
ikatiririka hadi ukingoni.
Nikasema kwa sauti, kwa lugha yangu,
maji yakimwagika hayazoleki.
Bi Pudney hakuuliza maana. Alichukua shashi,
akagusa, akainua:
yakazoleka.
Yakaacha mstari mwembamba, uliofifia,
sawasawa na upepo unapokatiza mtoni.

Nikainua macho nimalizie mlingoti wa chini.
Haupo.
Maji yalikuwa yanaondoka muda wote huo
sisi tukihangaika na samawati,
taratibu, kama muuguzi avutaye shuka
chini ya mgonjwa asimwamshe.
Tope tupu, linang'aa kama ini,
na BOBBIE kalala ubavu, mzito, peke yake.
Ile ya pili imebaki kwangu tu,
nusu yake bado mbichi.

"Malizia matope au malizia maji," akasema Bi Pudney,
"lakini chagua, mvua hiyo yaja."
Nikachagua maji, kwa kukumbuka.
Mlingoti ukatoka na magoti matatu.
Sikuugusa tena.

Kabla ya treni nilishuka ngazi za mawe na chupa yangu,
maji ya kusuuzia brashi, rangi ya wingu la Essex,
nikayamwaga topeni karibu na omo.
Yalisita kidogo kabla ya kunywewa.
Katika kidimbwi hicho, upana wa sahani,
ikasimama B moja,
na haikuwa imepinduka.