Behewa la Jumanne

Mlango wa zamani wa stoo, juu ya matofali sita,
ndio Kilindini yangu. Bawaba sikuzing'oa:
moja imekuwa kreni ya gatini.
Kutoka hapo hadi dirishani ni Shimanzi,
kisha ubao wa kabati, tuta la Makupa,
na penye pasi ya mkaa, njia inapoanza kupanda, Changamwe.
Mita moja ya reli imesinyaa ikawa milimita kumi na mbili.
Mkawasi amepoteza mlango, kabati na pasi
bila neno. Juzi tu aliuliza
kama Mariakani itahitaji meza ya kulia.

Itahitaji.

Reli ni spoki za baiskeli ya marehemu mjomba Mwandoe,
zimenyooshwa kwa nyundo ya fundi viatu.
Mataruma ni ya bati, kama yalivyokuwa,
nimeyakata kwenye makopo ya maziwa.
Saruji ni saruji. Buni ni buni, zimesagwa.
Magadi yanayoshuka kwenda melini
ni yale ya Mkawasi ya kulainishia maharage.
Matangi ya mafuta ni vifuniko vya kalamu,
nayo hayakai mgongoni mwa injini: kati huwekwa behewa la mchanga,
cheche zisije zikaruka. Cheche gani? Injini yangu
inakula betri mbili za tochi.
Lakini sheria ni sheria.

Sitaki treni ya kuzunguka bure
kama ngamia wa kinu cha simsim.
Nataka ile ya Jumanne, saa kumi na dakika tano alfajiri,
mabehewa ishirini na matatu, kila moja mahali pake,
kama alivyoyaandika baba, gadi Mwashumbe,
kwa penseli ya kulambwa, kwenye taa ya chemli,
madaftari manne ndani ya debe la biskuti
yanayonuka grisi mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokwama.

Behewa la kumi na tisa, la bidhaa za vituoni:
sukari, magunia arobaini, Kilindini hadi Mariakani.
Ratiba inasema, Miritini, pita.
Daftari linasema, Miritini, dakika kumi na moja.
Mariakani wakapokea thelathini na manane.
Kwenye safu ya maelezo, neno moja: mvua.
Jumanne iliyofuata, arobaini. Thelathini na manane. Mvua.
Mvua ya Januari, kaskazi inapokausha hata mate.
Mvua wiki ishirini na sita.

Nami nikakumbuka uji.
Mwaka ule madukani sukari ilifichwa chini ya meza,
sisi wa nyumba za reli tukinywa uji unaonata mdomoni,
na mama akipima kikombe kwa jirani, kikombe kwa jirani,
wala hapokei senti.
Mjomba Mwandoe alikuwa na shamba la mihogo Miritini.
Nilidhani anatupenda tu, kuja kila Jumatano,
tairi la nyuma limebonyea.

Njia ya mwongo, wanasema, ni fupi.
Yangu ina mita tano na robo, pamoja na meza.
Siku tatu nilishika koleo nikiwaza
kuipitisha treni Miritini bila kusimama.
Nani angejua? Ratiba ingeniunga mkono.

Nimeisimamisha.
Nimehesabu chembe arobaini za sukari kwa ncha ya sindano,
chembe moja gunia moja, nikazipakia.
Dakika kumi na moja, saa ya ukutani ikinitazama.
Mbili nikazishusha kando ya reli, kwenye nyasi za katani,
nikaiacha treni ipande zake hadi Mariakani.
Kisha usingizi ukanishinda.

Asubuhi behewani nikakuta thelathini na moja,
na mstari wa sisimizi ukishuka mguu wa meza
bila haraka, kama watu wenye kibali.
Mkawasi akauliza, zingine zimeenda wapi?
Nikailamba penseli.
Safu ya maelezo.
Mvua.