Safu ya Sita

Daftari lilikuja na safu sita:
jina, umri, kijiji, simu, mkono,
na ya mwisho, nyembamba kama vidole viwili, SABABU,
kwa wale watakaokataa.
Waliokubali hawakuulizwa,
kana kwamba kukubali hakuna sababu.

Nilikaa kwenye dawati la shule iliyofungwa, hapa Bwera.
Ubaoni bado kuna hesabu ya mwaka jana,
kugawanya, haijajibiwa.
Nikaandika kwa herufi ndogo.

Masereka, mchuuzi wa chumvi ya Katwe,
alinyoosha mkono kabla hajasalimia.
Bila kadi havuki daraja la Mpondwe,
na wateja wa ng'ambo hawana subira.
"Hata mkinichoma maji," alisema,
"mradi mgonge muhuri."

Mbambu alikataa.
Safu haikuwa na mahali pa kuweka yote:
kwamba waliomchapa fimbo saa mbili usiku,
alipotoka kumtafutia mtoto mgonjwa pikipiki,
walishuka kwenye gari lile lile
lililoleta leo boksi la barafu.
"Mkono ulionichapa ndio huu unaonibembeleza?"
Niliandika: hofu.
Akachungulia. Anajua kusoma, Mbambu.
"Si hofu. Futa."
Nikafuta. Karatasi ikatoboka.

Mwalimu Baluku alichanjwa akiwa amenuna;
shule haitampokea bila kadi,
na mwezi wa kumi na tisa huu anafyatua matofali.
Kijana Muhindo alisema ataizingatia akishazaa.
Watoto wangapi? Wanne.
Na mama yao yuko wapi?
Bado anamtafuta.
Sista Kabugho alicheka hadi akaweka sindano chini.

Bibi Ithungu hakuulizwa, akajieleza mwenyewe:
aliiona ndui kwa macho yake,
uso wa dada yake ukitokota kama uji.
Akashusha gauni begani, akatuonyesha kovu,
duara dogo la zamani,
kama mtu anayeonyesha risiti.

Mhubiri alikataa asubuhi, kwa sauti, watu wakisikia.
Jioni aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia usoni.
Huyo sikumwona.
Nimeandika tu namba ya simu.

Saa kumi na moja wingu likashuka kutoka Rwenzori.
Chupa moja ni dozi kumi;
ikishafunguliwa, ina saa chache za kuishi.
Tulikuwa tumepata watu tisa.
Sista akatoka barabarani akawaita wa bodaboda
kama anayeuza kichane cha mwisho cha ndizi:
Moja! Imebaki moja!
Wakawasha pikipiki zao, wakaondoka.

Akarudi akanitazama mimi,
mwenye majina mia mbili na kumi na mawili
na langu halimo.

Mama yangu aliitaka. Mwezi wa sita.
Alikuwa ameshavaa viatu.
Mimi ndiye niliyesema: ngoja kwanza, tuone wenzetu.
Akavivua.
Alikuwa mtu wa kusikiliza watoto wake.
Mpaka leo viko chini ya kitanda,
kimoja kisigino kimelalia ndani.

Hiyo nayo ni sababu, lakini ya nini?
Nimeigeuza usiku mwingi kama sarafu:
upande huu inasema kimbia ukachanjwe,
upande huu inasema, kwa uso gani,
unywe maji uliyomnyima?

Sista hakuuliza.
Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.
"Itamwagwa hii," alisema. "Mkono gani?"

Nikampa wa kushoto.
Kwa wa kulia nikaandika, katika safu isiyonihusu,
chini kidogo ya tundu la Mbambu:
isimwagwe.